Uraibu wa heroini: tazama saa, usitazame sura

Kama hivi sasa kuna mtu mbele yako amelala, hashtuki ukimwita, anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida au pumzi zinakatika, acha kusoma hapa. Nenda sehemu ya mwisho yenye kichwa "Akizima". Mengine yatasubiri.

Kwa wengine wote, tuanze na kosa linalofanyika karibu kila nyumba. Watu wa Dar es Salaam, Tanga, Unguja na Mombasa wanamjua teja kwa macho: kijana mchafu, amepinda mgongo kituoni anasinzia bila kuanguka, sigara inamuunguza vidole naye hana habari. Hiyo ni picha ya mwisho wa safari. Kabla ya kufika hapo kuna miezi, na mara nyingine miaka, ambapo mtu huyohuyo anaoga, anapiga pasi shati, anakwenda kazini au chuoni na kuswali Ijumaa. Ukimsubiri afanane na teja wa kituoni ndipo uamini, umeshachelewa. Kinachomtambulisha mapema ni ratiba yake.

Kwa nini saa inasema kweli

Heroini, ambayo mitaani inaitwa unga au ngada, ikiingia mwilini hugeuka mofini, dawa kali ya maumivu, na kukaa mahali ambapo mwili huweka vitu vyake vya asili vya kutuliza maumivu. Hapo hutuliza kila kitu kupita kiasi: maumivu, wasiwasi, kikohozi, mwendo wa tumbo, hata pumzi. Ikija kila siku kwa wiki kadhaa, mwili unajipanga upya ili uweze kufanya kazi ukiwa na unga ndani. Kiasi kilichotosha mwanzoni hakitoshi tena. Na unga ukikosekana, vyote vilivyokuwa vimelazwa huamka kwa pamoja.

Hiyo ndiyo arosto. Ukikumbuka kwamba arosto ni stimu (hali anayoipata mtu akishatumia) iliyopinduliwa, huna haja ya kukariri orodha. Tumbo lililokuwa limefunga siku tatu linaharisha. Mboni zilizobana zinatanuka. Pua iliyokuwa kavu inatiririka, macho yanatoa machozi, mtu anapiga miayo mfululizo, vinyweleo vinasimama kama anasikia baridi na huku jasho linamtoka. Mifupa inauma, miguu haitulii kitandani, usingizi hakuna.

Sasa hesabu. Stimu ya heroini huisha baada ya saa tatu hadi tano hivi. Arosto huanza kati ya saa 6 na 12 tangu mtu atumie mara ya mwisho, hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, na makali yake hupungua baada ya siku 5 hadi 7, ingawa kukosa usingizi na unyonge vinaweza kuendelea wiki kadhaa. Aliyetumia saa 4 usiku ataanza kuumwa kati ya saa 10 alfajiri na saa 4 asubuhi. Kwa hiyo mraibu halali mpaka jua kali kama mlevi wa pombe. Anaamka mapema, amenuna, anatoka haraka bila chai, na baada ya saa moja au mbili anarudi mtu mwingine kabisa: mchangamfu, mpole, anataka soda na biskuti. Mama anamshukuru Mungu kwamba leo mwanawe ameamka vizuri. Badiliko hilo ndilo dalili yenyewe.

Hatua ya kwanza: daftari la siku 14

Chukua daftari dogo na usimwambie mtu. Kila siku andika mambo manne tu: saa aliyoamka na hali yake, saa aliyotoka na aliyorudi, hali yake aliporudi, na mboni za macho. Siku mbili hazitoshi, maana mtu yeyote anaweza kuamka vibaya mara mbili. Siku 14 zinaonyesha mzunguko, kama upo.

Mboni zitazame kwenye mwanga wa kawaida, mlangoni au uani, na ulinganishe na za mtu mwingine aliyesimama palepale. Aliyetumia unga ana mboni ndogo kama kichwa cha pini, na hazitanuki hata akiingia chumba chenye giza. Akiwa na arosto zinakuwa kubwa hata juani. Mboni ndogo peke yake si ushahidi, kwa sababu zipo dawa za macho na magonjwa yanayofanya hivyo. Mtu yuleyule mwenye mboni kubwa saa 1 asubuhi na ndogo kama pini saa 3, siku baada ya siku, ndiye wa kumuuliza.

Mengine ya kuandika ukiyaona: kujikuna pua na shingo, sauti nzito ya polepole, kusinzia katikati ya sentensi kisha kuendelea na maneno alipoishia, kukaa msalani muda mrefu kwa sababu ya kufunga choo, mikono mirefu ya shati wakati wa joto la Januari, hamu ya chakula kushuka huku hamu ya vitu vitamu ikipanda. Kwa mwanamke, siku za hedhi zinaweza kupotea miezi kadhaa, na familia ikadhani ni mimba.

Halafu vitu vya nyumbani vinavyopotea. Simu huja mwisho, kwa sababu simu inaulizwa mara moja. Vinaanza vile ambavyo wanunuzi wa vyuma chakavu wananunua bila maswali: sufuria ya zamani, koki ya bomba, waya, pasi iliyoharibika. Kisha mtungi wa gesi "umepelekwa kujazwa".

Hatua ya pili: vitu vya chumbani

Kete ni kifungashio kidogo cha nailoni au karatasi, hakizidi ukucha wa kidole gumba. Zikitumika hubaki vipande vilivyofunguliwa. Utaona pia karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara yenye mistari ya moshi, kijiko kilichoungua chini, vifuniko vya sindano vya rangi.

Sindano usiiokote kwa mkono wala usijaribu kuirudishia kifuniko. Tumia koleo au tawi, itie kwenye chupa ya plastiki ngumu, kaza kifuniko na uipeleke kituo cha afya. Ikikuchoma, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni bila kukamua jeraha, kisha uende hospitali siku hiyohiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na humezwa kwa siku 28.

Hapa kuna mtego mmoja unaopoteza familia nyingi. Wengi wa pwani huanza kwa kuvuta unga uliochanganywa na bangi kwenye msokoto mmoja. Nyumbani inanukia bangi, mzazi anasema "ah, ni bangi tu, ujana huo, utapita". Lakini bangi tupu inafanya macho yawe mekundu na kuleta njaa, haibani mboni. Anayeiacha ghafla anaweza kuwa na hasira na kukosa usingizi, ila haharishi wala mifupa haimuumi. Kijana "wa bangi" anayeugua namna hiyo kila akikosa msokoto hayuko kwenye bangi peke yake. Mara nyingine yeye mwenyewe hajui, mpaka siku aliyoikosa.

Hatua ya tatu: usimsingizie

Kabla hujafungua mdomo, ondoa yanayofanana. Kukonda, jasho la usiku na kikohozi cha zaidi ya wiki mbili ni kifua kikuu mpaka kipimo kikatae (na mraibu anaweza kuwa navyo vyote viwili). Usingizi wa ghafla na jasho jembamba kwa mwenye kisukari ni sukari kushuka. Kijana anayejifungia, anayesikia sauti au kuamini anafuatwa anaweza kuwa anaanza ugonjwa wa akili ambao hauna uhusiano na unga. Sonona nayo humfanya mtu aache kuoga na kuacha marafiki.

Kipimo cha mkojo kinasaidia, lakini kijue mipaka yake. Heroini huonekana kama mofini kwa siku 2 hadi 3 tu, kwa hiyo aliyepima siku ya tano atatoka safi. Dawa ya kikohozi yenye kodeini inaweza kutoa jibu la ndiyo. Tramadoli, kidonge cha maumivu, haionekani kabisa kwenye kipimo cha kawaida cha mofini, inahitaji chake. Bangi kwa mvutaji wa kila siku hubaki mwezi mzima au zaidi, hata kama ameshaacha. Kupima kwa kuvizia, kwa kumwibia mkojo, hatushauri: ukipata jibu utakuwa umempoteza mtu.

Hatua ya nne: je, ni matumizi au ni uraibu?

Si kila aliyewahi kutumia ni mraibu. Wataalamu wa magonjwa ya akili hutumia vigezo 11, wakiangalia miezi 12 iliyopita. Vigezo 2 au 3 ni tatizo jepesi, 4 au 5 la wastani, 6 na zaidi ni zito. Kwa lugha ya nyumbani viko hivi:

1. Anatumia zaidi ya alivyopanga. "Kete moja tu" inageuka tatu.
2. Ametaka kuacha au kupunguza, akashindwa. Muulize amejaribu mara ngapi, si kama anataka.
3. Muda wake mwingi unaishia kutafuta, kutumia, na kujikusanya baada ya kutumia.
4. Ana hamu inayomshika mpaka hawezi kufikiria kingine. Harufu ya kiberiti au sura ya kijiwe inatosha kuiamsha.
5. Kazi, masomo au watoto vinaharibika.
6. Anagombana na watu kwa sababu ya unga, na bado anatumia.
7. Ameacha aliyoyapenda. Mpira, kaswida, kwaya, saluni yake, chochote kilichokuwa chake.
8. Anatumia mahali pa hatari: anaendesha bodaboda, anapanda ngazi za ujenzi, yuko baharini.
9. Anajua umemdhuru mwili au akili, na anaendelea.
10. Kiasi cha zamani hakimfikishi tena.
11. Anapata arosto, au anatumia ili isimpate.

Namba 10 na 11 hazihesabiwi kwa mgonjwa anayemeza mofini au tramadoli kama alivyoandikiwa na daktari. Mgonjwa wa saratani ambaye mwili wake umezoea mofini si mraibu, na kumnyima dawa kwa hofu hiyo ni ukatili. Anayenunua tramadoli kwenye duka la dawa bila cheti, tano leo, kumi mwezi ujao, huyo hesabu zake ni kama za unga.

Mraibu wa muda mrefu atakwambia jambo ambalo familia hailiamini: hapati tena raha. Anatumia ili awe mzima, aweze kusimama na kupiga mswaki. Ni kweli. Na ndiyo maana "si uache tu, kwani unapata nini?" ni swali lisilo na kazi.

Hatua ya tano: mazungumzo

Saa ina kazi tena hapa. Akiwa na arosto hasikii kitu zaidi ya mwili wake, na akiwa kwenye stimu atakubali lolote na kulisahau. Dirisha liko katikati, saa mbili hadi nne baada ya kutumia, wakati ametulia na hajaanza kuumwa. Daftari lako limeshakuonyesha saa hiyo.

Azungumze mtu mmoja, wa pili awepo kimya akilazimika. Kikao cha ukoo cha watu tisa ni mahakama, na mshitakiwa hukana. Mara nyingi mjomba au shangazi anafaa kuliko baba, kwa sababu baba ana hasira ya pesa zilizopotea. Aanze na alichokiona, si na jina:

"Mwanangu, wiki mbili hizi nakuona unaamka alfajiri unaumwa, unatoka, ukirudi umepona. Sikuulizi kama unatumia. Nakuuliza, ukikosa, unaanza kuumwa baada ya saa ngapi?"

Swali hilo lina faida kwamba jibu lake si ndiyo wala hapana. Anayejibu "kama saa sita hivi, mjomba" ameshafungua mlango, na ameshakupa taarifa ya kwanza ambayo daktari ataitaka. Ulizeni pia anatumiaje, kwa kuvuta au kujidunga, mara ngapi kwa siku, na anachanganya na nini. Pombe, valiamu na vidonge vingine vya usingizi viandikwe kwa namna ya pekee, sababu yake inafuata.

Akikana, usibishane. Mwambie mlango uko wazi, na uache kumpa fedha taslimu. Nauli mlipe mwenye bodaboda mwenyewe, ada peleka shule, deni la pusha (muuza unga) usilipe. Chakula na mahali pa kulala usimnyime: njaa haijawahi kumtoa mtu kwenye unga.

Yanayoharibika hapa

Wengi humfungia ndani. Kamba, kufuli, siku saba, maombi mfululizo. Arosto ya heroini yenyewe ni nadra kumuua mtu mzima mwenye afya, lakini kutapika na kuharisha kwa siku nne bila maji kunaua, na waliokuwa mahabusu wamekufa hivyo. Kama kweli yuko nyumbani akisubiri kliniki, apewe maji ya ORS, pakiti moja kwenye lita moja ya maji safi, au vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwenye lita moja, anywe kidogokidogo mchana kutwa. Mlango usifungwe.

Kwa pombe na vidonge vya usingizi hali ni tofauti kabisa. Anayekunywa gongo au chang'aa kila siku, au anayemeza valiamu kila siku, akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege. Kwa pombe huja ndani ya siku mbili za kwanza, kisha siku ya pili hadi ya nne akachanganyikiwa, akatetemeka, akaona wadudu ukutani; kwa valiamu huweza kuchelewa hadi wiki au zaidi. Hali hiyo inaua. Apunguziwe hospitali.

Mama mjamzito anayetumia heroini naye asikatishwe ghafla, maana kuna hatari ya mimba kutoka au mtoto kuzaliwa kabla ya wakati. Anaanzishiwa methadoni, dawa ya tiba inayoelezwa hatua ya sita. Mtoto akizaliwa anaangaliwa kwa siku kadhaa, kwa kuwa anaweza kuonyesha arosto yake: kilio kikali kisichonyamaza, kutetemeka, kushindwa kunyonya.

Sala na dua hazigombani na dawa. Anayekuambia uchague moja ndiye wa kuogopa.

Hatua ya sita: tiba

Methadoni ni dawa ya maji inayonywewa mara moja kwa siku mbele ya mtoa huduma. Inakaa palepale heroini ilipokaa, ila inaingia polepole na kudumu zaidi ya saa 24, kwa hiyo haileti stimu ya kupanda na kushuka, na arosto haimpati. Watu wengine husema ni kubadilisha teja wa mtaani kuwa teja wa serikali. Wamwangalie mtu huyo mwezi wa sita: amelala usiku, hana sindano, saa 4 asubuhi yuko kazini.

Tanzania bara kliniki ya kwanza ya serikali ilifunguliwa Muhimbili Februari 2011. Zikafuata Mwananyamala na Temeke, na sasa zipo pia Mbeya, Dodoma, Mwanza na Tanga. Zanzibar iko Kidongo Chekundu. Kenya walianza Mathari, Nairobi, Desemba 2014, kisha Malindi na Mombasa. Dawa kwenye kliniki za umma hizi za Tanzania hutolewa bure. Njia rahisi ya kuingia ni kupitia asasi zinazowafuata waraibu vijiweni, ambazo humwandaa mtu na kumsindikiza. Usipojua pa kuanzia, piga 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya Tanzania. Kenya ni 1192, ya NACADA, mamlaka yao ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya.

Dozi ya kwanza kwa kawaida haizidi miligramu 20 hadi 30, na hupandishwa taratibu kwa wiki kadhaa hadi nyingi kati ya 60 na 120. Wiki mbili za kwanza ndizo ngumu: dozi bado ndogo, anasikia haitoshi, anaongezea kete. Methadoni inajikusanya mwilini, na mchanganyiko huo ndio unaozimisha watu. Mwambieni mapema kwamba haitatosha mwanzoni, na amweleze nesi badala ya kujiongezea mtaani. Dozi ya mtu mmoja inaweza kumuua asiyezoea, hata mtu mzima.

Zipo pia soba hausi, Zanzibar hasa, ambazo hufuata njia ya kuacha kabisa na kuishi pamoja kwa miezi. Zinawafaa wengine. Kabla ya kulipa, uliza mambo matatu: nani hutoa dawa mtu akiumwa, kama wanapiga au kufunga minyororo, na wanafanya nini na mtu siku ya kutoka. Wakikwepa la kwanza, ondoka.

Popote atakapotibiwa, apimwe VVU, homa ya ini B na C, na kifua kikuu.

Akizima

Saa ya hatari kuliko zote ni siku ya kurudi. Aliyetoka gerezani, soba hausi, wodini, au shamba alikopelekwa "akapumzike", mwili wake umeshasahau unga. Wiki mbili hadi tatu zinatosha. Akirudi kijiweni na kutumia kiasi chake cha zamani, hicho sasa ni kiasi cha kumuua. Mwambieni hivyo waziwazi kabla hajatoka, hata kama mnaona ni kumchuria.

Dalili ni tatu kwa pamoja: haamki, mboni kama pini, pumzi chache. Hesabu pumzi kwa dakika nzima. Chini ya 12 ni hatari, na kukoroma kwa namna isiyo ya kawaida ni koo linaloziba. Kwenye ngozi nyeusi usitafute ubuluu usoni, tazama ndani ya midomo, ufizi na kucha: zinakuwa za kijivu.

Muite kwa nguvu, msugue katikati ya kifua kwa vifundo vya ngumi. Asiposhtuka, mlaze chali, toa kilichomo kinywani, inua kidevu, bana pua, mpulizie pumzi moja kila sekunde 5 huku ukitazama kifua kikipanda. Mapigo yakiwa hayapo, anza kukandamiza kifua. Mwingine atafute bajaji au gari. Bodaboda haifai, shingo itaanguka na koo litaziba. Akianza kupumua mwenyewe, mlaze kwa ubavu, goti la juu limekunjwa, uso umeelekea chini kidogo ili matapishi yatoke.

Maziwa hapana, atayavuta mapafuni. Maji ya chumvi kwa sindano hapana. Kummwagia maji baridi na kumzabua makofi ni kupoteza dakika ambazo alihitaji hewa.

Hospitali, mwambie nesi neno moja la kweli: "ametumia heroini", au "methadoni", na saa. Kwa neno hilo watajua kumpa naloksoni, dawa inayoifukuza heroini mahali pake, na mara nyingi mtu huamka ndani ya dakika 2 au 3, mkali, na arosto juu. Atataka kuondoka. Msimruhusu: naloksoni hudumu dakika 30 hadi 90 tu, heroini bado imo, na anaweza kuzima tena ndani ya daladala. Kama ni methadoni, abaki chini ya uangalizi kwa saa 24.